Kijiko cha Vukan

Kila jioni, saa ambayo watu wengine huulizana wamekula nini, mama mkwe wa Zorana alimpigia simu kumuuliza kama amelia.

"Umelia leo?"

"Bado, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya. Umekula?"

Desanka hakuuliza kwa ubaya. Yeye alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, tangu siku ile ya Februari walipoletewa jeneza la Vukan kutoka Austria. Huko Vukan alikuwa akifunga madirisha kwenye majengo mapya, na asubuhi moja gari walilopanda mafundi liliteleza kwenye barafu. Walimzika kwao Mačva, kwenye nchi iliyo tambarare kama meza, kando ya shamba la mahindi, ingawa kila mtu alijua kwamba Vukan alihama kwao akiwa kijana kwa sababu hakukuwa na kilima hata kimoja cha kupanda. Makaburini wanawake walimlilia kwa sauti, wakimwita kwa jina na kumuuliza amewaachia nani, na kila walipovuta pumzi walimtupia jicho mjane. Zorana alikuwa akitazama viatu vya kasisi. Vilikuwa vimegandwa na matope, naye akawaza kwamba vingehitaji brashi ngumu. Hilo tu ndilo aliloliwaza.

Na baada ya hapo halikuja jingine. Alikwenda kazini kwenye duka la dawa, akawauzia watu dawa za kikohozi na za presha, akarudi, akapika supu, akala nusu. Usiku alilala upande wake wa kitanda, na asubuhi upande wa pili ulikuwa umenyooka vilevile, shuka halina hata kunyanzi. Aliutazama upande huo kama mtu anavyotazama kiti kitupu kwenye chumba cha daktari.

Jumamosi alikimbia.

Njia aliyoikimbia ilikuwa ya Vukan. Yeye na rafiki yake Kosta waliifyeka wenyewe kwa panga na msumeno, wakaichora alama nyekundu kwenye miti, wakaiita Mzunguko wa Petka. Ilianza nyuma ya kituo cha zimamoto, ikapita kwenye mashamba ya plamu, halafu ikaingia msituni na kuanza kupanda. Kipande cha kwanza cha kupanda kilikuwa cha kuudhi tu. Cha pili kiliitwa Kikohozi, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika juu yake bila kukohoa, hata vijana wa jeshi waliokuja mwaka mmoja wakijigamba. Juu kabisa, kwenye bonde dogo kati ya vilele viwili, kulikuwa na monasteri ya Mtakatifu Petka: kanisa dogo la mawe, kisima, mizinga ya nyuki, na mtawa mmoja. Baada ya hapo njia iliteremka katikati ya mawe makali hadi ilipoanzia.

Monasteri ilikuwa imeupa mji mgongo. Barabara yake ya gari ilishuka upande wa pili wa mlima, kwenye bonde jingine, kwa watu wengine na soko jingine. Habari za mjini zilipanda kule juu kwa miguu ya wakimbiaji tu, na nje ya siku ya mashindano ya mbio ya kila mwaka, wakimbiaji wa Kikohozi walikuwa wawili: Vukan na mkewe.

Ndiyo maana Mama Pelagija, yule mtawa, hakujua.

Mara ya kwanza baada ya mazishi, Zorana alifika pale mwezi Machi, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli. Hakukusudia kusimama. Lakini mtawa yule alikuwa mlangoni na ndoo mkononi, mwanamke mfupi mnene mwenye masharubu madogo ambayo hayakumsumbua, akapaza sauti kabla Zorana hajakaribia.

"Leo uko peke yako! Yule mvivu wako yuko wapi?"

Zorana alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, la kweli, alishalitamka benki, posta na kwa watu wa simu. Mdomo ukasema, "Yuko kazini, mama."

"Kazi, kazi! Mwambie mlima hauendi Austria kumfuata. Keti."

Akaketi. Pale huwezi kupita bila kuketi. Mgeni huletewa sinia lenye bakuli la slatko, plamu nzima nzima zilizopikwa kwenye sukari mpaka zikawa nyeusi na kung'aa, pamoja na kijiko na bilauri ya maji ya kisima. Mgeni hula kijiko kimoja, hunywa maji, kisha ndipo anaruhusiwa kusema alichokuja kusema. Siku ile Mama Pelagija alileta vijiko viwili.

"Hiki chako. Na hiki cha Vukan."

"Nitambebeaje, mama? Mfukoni?"

"Mbebee tumboni. Mke na mume ni tumbo moja. Kula."

Zorana akala. Halafu mtawa akamshika mkono wakaingia kanisani, akachukua mshumaa mwembamba wa nta. Penye mishumaa palikuwa na sanduku la chuma la ngazi mbili lenye mchanga: juu huwashiwa walio hai, chini huwashiwa waliokufa. Mama Pelagija akauchomeka mshumaa wa Vukan juu, katikati, mahali pazuri.

"Awe mzima. Na apunguze kazi."

Zorana aliutazama ukiwaka. Hakuhisi aibu, wala furaha, wala hofu. Aliona jambo moja tu, kwa mbali, kama anasoma maandishi ya dirishani upande wa pili wa barabara: mahali hapa Vukan ni mzima. Yuko kazini.

Basi akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Masika yakaisha, kiangazi kikaja na kwenda. Kila Jumamosi vijiko viwili, mshumaa juu, na salamu za kumpelekea mvivu. Kila Jumamosi Zorana alisema, "Zitafika, mama."

*

Jumatano ya wiki ya mashindano, Kosta alimsubiri nje ya duka la dawa. Alikuwa mtu mrefu aliyepinda kidogo, mwalimu wa michezo, na tangu Februari alizungumza na Zorana kana kwamba amebeba mayai.

"Shemeji, twende tunywe kahawa."

"Nina haraka."

"Haraka ya wapi? Supu haikimbii." Alijaribu kucheka, akaacha. "Sikiliza. Mambo ya Jumapili. Tumekubaliana wote kwamba kuanzia mwaka huu mashindano yawe ya kumbukumbu yake. Yaitwe kwa jina lake. Kule juu tutasimama kimya kidogo, kipaza sauti kitakuwepo, mimi nitasema maneno mawili. Usinikazie macho hivyo."

"Sijakaza macho."

"Ndiyo, hujakaza. Hilo ndilo linaniogopesha." Akatoa bahasha kubwa begini. "Na hii nimechapisha. Jumamosi napanda kubandika kwenye geti la monasteri, ili watu waione wakifika."

Zorana alitoa kilichokuwamo. Ilikuwa karatasi ileile inayobandikwa kwenye miti na milango ya nchi hii kila mtu anapofariki na kila anapokumbukwa: fremu nyeusi, msalaba juu, jina, miaka. Ila picha haikuwa ya kitambulisho. Vukan alikuwa amekunja uso, ulimi nje, ametoka tu kuumaliza Kikohozi.

"Picha mbaya," alisema Zorana.

"Ni mbaya sana," Kosta alikubali. "Ndiyo niliyoipenda."

Zorana aliiangalia tena. Akilini aliona geti la mbao la monasteri, na Mama Pelagija na ndoo yake, akisimama mbele ya karatasi hiyo siku ya Jumamosi, akiwa peke yake. Au akisikia Jumapili kwa kipaza sauti, sinia mikononi, mbele ya kundi la watu waliovaa kaptula.

"Nitaibandika mimi," alisema.

"Shemeji, si lazima..."

"Si mnataka mtu wa kufunga tepe za njia upande wa juu? Ijumaa nina mapumziko. Nipe tepe na hiyo."

Kosta akampa. Akabaki amesimama, mikono yake mirefu haina la kufanya.

"Kule juu anajua, sivyo? Yule mama?"

"Ijumaa atajua," alisema Zorana.

*

Ijumaa mji mzima ulinuka pilipili hoho za kuchoma. Ni majira ya ajvar, rojo la pilipili hoho linalowekwa akiba ya baridi, na kila ua ulikuwa na jiko lake na mwanamke wake aliyefumba jicho moja kwa moshi. Zorana alipita nyuma ya kituo cha zimamoto, tepe nyeupe kiunoni, karatasi kwenye begi la mgongoni ikiwa imelazwa katikati ya madaftari ya zamani isije ikajikunja.

Alipanda. Kila kwenye njia panda alifunga utepe kwenye tawi, fundo mara mbili, kama alivyofundishwa. Miti ya msituni ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Chini yake majani yalikuwa mengi kiasi kwamba mizizi haikuonekana, ikabidi miguu ijue yenyewe. Miguu ilijua. Kwenye Kikohozi aliinama, akasukuma magoti kwa mikono, pumzi ikawa inaingia na kutoka kama mlango uliolegea bawaba. Hapa Vukan alikuwa akiimba kwa makusudi ili kumkera. Zorana alilikumbuka hilo kama anavyokumbuka bei ya kitu alichokinunua zamani. Alifika juu, akakohoa.

Alikuwa amepanga maneno. Mama, nina habari. Mama, naomba uketi wewe kwanza. Kufikia getini yote yalikuwa yameshakauka.

Mama Pelagija alikuwa uani mbele ya jiko la chuma, vidole vyeusi mpaka kwenye vifundo, akigeuza pilipili.

"Umekuja Ijumaa!" alisema. "Na mikia kiunoni. Umegeuka mbuzi?"

"Tepe za mashindano, mama."

"Na mvivu Jumapili anakuja? Mwambie mwaka jana alikunywa rakija yangu, pombe ninayoipika mwenyewe, akasema ni ya kuchulia mwili, si ya kunywa. Mwaka huu nimeificha. Keti, keti, ngoja ninawe."

Hakunawa. Alijifuta kwenye aproni tu, akaingia ndani, akarudi na sinia. Bakuli, bilauri, vijiko viwili. Zorana alichukua chake, akachota plamu moja, akala, akanywa maji. Akakiweka kijiko ndani ya bilauri, kama inavyotakiwa.

"Na cha Vukan," alisema mtawa.

"Leo sili cha Vukan."

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Mmegombana. Naijua sura hiyo. Amefanya nini huko Austria? Sema, mimi ni mtawa, si mtoto."

"Mama, hatujagombana. Vukan amekufa."

Lilikuwa limeshatoka. Pilipili moja ilipasuka kwenye moto na kutoa mvuke. Mama Pelagija alibaki na sinia mkononi, na sinia likawa linainama taratibu hadi bakuli likaanza kuteleza. Zorana akanyoosha mkono, akalizuia.

"Lini?"

"Februari."

"Februari ipi?"

"Hii."

Mtawa aliweka sinia juu ya benchi. Uso wake ulikuwa umepanda damu.

"Hii," alisema. "Hii! Na Machi ulikaa hapahapa. Ukaniambia yuko kazini."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamtaja kati ya walio hai! Kila asubuhi! Namwambia Mungu, mpe afya Vukan, mlinde Vukan barabarani, na Mungu anamtazama Vukan yuko mbele yake, ananitazama mimi, mjinga na mshumaa wake! Miezi yote hii mtu hana hata mshumaa mmoja chini, hana hata sala moja ya marehemu kutoka nyumba hii, na nyumba hii ameipandia kwa miguu, paa hili alilipiga misumari kwa mikono yake! Umemnyima, unasikia? Umemnyima!"

"Nasikia, mama."

"Kwa nini?"

Zorana alitafuta. Alitaka kumpa jibu zuri, mtawa alistahili jibu zuri.

"Kwa sababu ulimuulizia," alisema. "Wengine wote walikuwa hawamuulizii tena."

Mama Pelagija alimtazama. Akageuka ghafla akaenda kanisani, hatua fupi za haraka, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Zorana alibaki na moto. Pilipili zilianza kuungua upande wa chini, kwa hiyo akachukua koleo akazigeuza, moja baada ya nyingine. Kutoka kanisani ilisikika sauti. Kwanza alidhani ni sala. Halafu akatambua kwamba mtawa analia, analia kwa sauti kama wanawake wa Mačva, akimwita Vukan kwa jina na kumgombeza. Kilio kilikuwa kibichi, cha siku ya kwanza. Kwingine kote watu walishapita Februari. Hapa ilikuwa inaanza sasa hivi, na aliyeileta ni yeye, mgongoni, pamoja na tepe.

Alizigeuza pilipili zote. Hakuna iliyoharibika.

Mtawa alipotoka macho yake yalikuwa yamevimba, na masizi ya vidole yalikuwa yamechora mashavu yake. Akaketi kwenye benchi kando ya Zorana, karibu, mabega yakagusana.

"Ulimzika wapi?"

"Kwao. Mačva."

"Kwenye mahindi?"

"Kando ya mahindi."

"Maskini," alisema Mama Pelagija. "Atachoka na utambarare." Akapenga kamasi kwenye aproni. Kisha akakichukua kijiko cha pili, akachota plamu, akakileta mbele ya mdomo wa Zorana kama kwa mtoto.

"Kula."

"Mama, siwezi kula cha Vukan tena. Imekwisha."

"Nani kasema imekwisha? Kwenu marehemu hamumlishii watu? Hamkugawa mkate na ngano siku ya arobaini, kila mtu akala akasema ni kwa roho yake?"

"Tuligawa."

"Sasa hii ni nini? Kila Jumamosi umepanda mlima mzima ukala kijiko kwa jina lake. Mimi nilidhani namlisha mtu aliye kazini, na wewe hukudhani lolote, lakini kijiko kililiwa. Kimeliwa kwa roho yake, tangu Machi. Kwa hiyo nilikosea, hukumnyima. Mshumaa tulimnyima, wote wawili. Kijiko hapana. Fungua mdomo."

Zorana akafungua. Plamu ilikuwa tamu mno, ile tamu inayouma meno. Aliitafuna, akaimeza. Alisubiri kitu kije, machozi au chochote, kwa kuwa sasa hakika ndiyo ingekuwa saa yake. Hakikuja. Kilikuja kiu tu, akanywa maji yote yaliyobaki.

"Silii, mama," alisema. "Bora nikwambie mapema. Sijalia tangu mwanzo. Sijui nina nini."

"Una miguu," alisema mtawa. "Tuanze na hiyo. Inuka, mshumaa wake wa asubuhi bado unawaka huko ndani. Sijaugusa. Niliuweka mimi, lakini si mimi wa kuushusha."

Ndani ya kanisa palikuwa na giza na harufu ya nta. Juu paliwaka mshumaa mmoja tu, katikati, mahali pazuri, umebaki kama urefu wa kidole. Chini iliwaka mingi, ya mababu wa watu wa bonde lile jingine. Zorana alisimama mbele yake. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, mkono kushuka kutoka ngazi hadi ngazi, umbali wa kiganja na nusu. Alikuwa amepanda Kikohozi majira matatu ili asilifanye.

Aliung'oa. Ulikuwa umekaza kwenye mchanga, ukatoka kwa ghafla, na nta ya moto ikamwagika upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, pale ngozi ilipo nyembamba. Hakuuachia. Aliinama, akatafuta nafasi kati ya mishumaa ya wageni, akauchomeka chini, akakusanya mchanga kuuzunguka usianguke. Moto uliyumba, ukanyooka.

"Vukan," alisema Mama Pelagija nyuma yake, na safari hii alilitaja jina kwa sauti nyingine, ile ya chini.

Nje, Zorana alitoa karatasi begini. Mtawa aliishika mbali na macho yake, kisha karibu.

"Hii ni picha gani? Anatoa ulimi!"

"Kosta aliichagua."

"Kosta naye ni mtu wa kuachiwa kuchagua?" Lakini alikuwa anaitazama na hakuirudisha. "Niachie. Nitaipigilia mimi getini. Nina misumari aliyoibakisha yeye, ya paa." Kidole gumba chake kiliacha alama nyeusi pembeni mwa fremu, akajaribu kuifuta, ikaenea. "Basi tena. Jumapili nikiwapa watu sinia, kila mmoja atakula vijiko viwili. Hata wale wanaokimbilia medali. Hapiti mtu."

"Watakasirika. Watapoteza muda."

"Wapoteze," alisema Mama Pelagija. "Yeye alikuwa anapoteza."

Zorana aliteremka kwenye mawe, akifunga tepe. Fundo mara mbili. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa mlima, na mji ulionekana chini na nyuzi zake za moshi wa pilipili. Katikati ya mteremko aligundua kwamba mkono unamuuma. Haukuwa unamuuma kule kanisani, au ulikuwa na hakujua. Alisimama, akabandua nta. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, duara dogo kama kidonge. Akaligusa kwa kidole. Liliuma. Akaligusa tena.

Jioni simu ililia saa ileile.

"Umelia leo?"

"Bado, mama. Ila nimeungua."

"Umeungua? Wapi?"

"Kifundo cha mkono. Nta ya mshumaa. Nimemshusha Vukan kanisani."

Ilisikika redio nyuma ya Desanka, na mbwa, na nchi ile tambarare iliyotulia.

"Inauma?" aliuliza mwishowe.

"Inauma."

"Inauma sana?"

"Sana, mama," alisema Zorana, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, ilikuwa imepanda kidogo mwishoni. "Inauma sana."

"Usipake dawa ya meno," alisema mama mkwe wake kwa haraka, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia. "Watu hupaka dawa ya meno. Wewe wa duka la dawa unajua. Weka chini ya maji ya baridi, mwanangu, usikate simu, nenda uweke chini ya maji, nipo, nasubiri hapahapa."

Zorana akaenda jikoni na simu mkononi, akafungua bomba.